Haki ya Kufundisha Sayansi

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, ni nadra kuitaja maabara. Hata hivyo, desturi ya kumwona mwanamume kuwa ndiye mwalimu halali wa fizikia au hisabati katika vyuo vikuu ni sehemu ya utamaduni wetu kama ilivyo ngoma, na kama desturi nyingine zote yapaswa kupimwa kwa mizani ya haki.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo mila imewapa wanaume. Watu hao na waje Ugogo. Hapa ngoma za muheme hupigwa na wanawake, ilhali kwa makabila mengi upigaji ngoma ni kazi ya wanaume. Basi mila haisemi neno moja. Sisi ndio tuchaguao neno la kulisikia.

Wako wengine wasemao: "Chuo na kimchague mwenye sifa, basi." Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Mwanafunzi afundishwaye kemia na asiyeijua amedhulumiwa. Lakini yafaa tujiulize sifa hizo hupatikanaje. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote, ila uzito wake haukuwa mmoja: msichana aliyengoja aliandamwa na ndoa na ulezi. Idadi ya wasichana ikapungua, na baadaye wakasamehewa sharti hilo. Kiwango cha elimu hakikushushwa. Liliondolewa gogo njiani.

Tena, sifa hazijitetei zenyewe. Mwaka 1966 Wangari Maathai alirejea Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili katika biolojia, ashike kazi ya utafiti aliyoahidiwa. Akaambiwa imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa sababu ya jinsia na kabila lake. Idara nyingine, ya anatomia ya mifugo, ikampokea. Na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Sifa zake zilikuwa zile zile katika milango yote miwili. Kwetu Tanzania, Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza nchini kupata udaktari wa hisabati, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlango ukiwa wazi, waingiao wapo.

Hapa Dodoma, Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007 kimejengwa juu ya vilima vya Chimwaga, katika nchi ya ukame ambamo wachotao maji aghalabu ni wanawake na wasichana. Yasemwa kwamba aliyebeba ndoo ataiuliza sayansi maswali ambayo wengine hawakuyawazia. Ni kweli, penye wengi pana mengi. Lakini faida hiyo tusiifanye msingi. Tukimkaribisha mwanamke kwa ajili ya maswali ya ndoo tu, tumemfunga kwenye ndoo ile ile hata ndani ya maabara. Akitaka kuchunguza nyota, na azichunguze. Mwanamume hakuulizwa kamwe ataleta faida gani kwa kuwa mwanamume. Haki hutangulia, faida huja nyuma yake.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wakuu wa vyuo peke yao. Idara itafutapo mhadhiri, huchagua miongoni mwa waliobaki, na wengi walikwisha kuachwa njiani zamani. Mwalimu wa kidato cha pili amwitapo mvulana ubaoni kukokotoa hesabu, na msichana akamwita kuufuta ubao, amekwisha kumchagua mhadhiri wa miaka ishirini ijayo.