Theluji ya Saint Paul na msiba wa Goma



Wengi wetu tumekaa Minnesota miaka mingi tukiuchukulia msimu wa baridi kama kifungo. Unahesabu miezi, unasubiri Mei. Wenyeji nao waliwahi kusemwa vibaya kwa sababu ya baridi hiyo hiyo. Mwaka 1885 mwandishi wa gazeti kutoka New York alidai kwamba Saint Paul ni Siberia nyingine, mahali pasipofaa binadamu kuishi wakati wa baridi. Wafanyabiashara wa mji wakamjibu kwa tamasha. Mwaka 1886 wakajenga kasri la vipande vya barafu, na hapo ndipo Winter Carnival ilipoanza.

Katika historia hiyo kuna jambo ambalo mimi kama muuguzi siwezi kulipita. Waliojenga kasri la kwanza walikuwa mafundi wa Montreal, Kanada, mji uliokuwa tayari na ujuzi wa makasri ya barafu. Saint Paul iliwapata kwa sababu Montreal yenyewe haikuweza kufanya tamasha lake msimu huo. Ndui ilikuwa imeingia mwaka 1885 na kuua watu zaidi ya 3,000 mjini humo, wengi wao watoto. Mji mmoja unazika, mwingine unapanga barafu kwa ajili ya kucheza, na mafundi ni wale wale. Je, walikosea kuja?

Nauliza kwa sababu swali hilo lilitufikia na sisi. Mwishoni mwa Januari 2025, akina mama wachache wa kwaya tulikuwa tumepanga kwenda Saint Paul Jumamosi kuona sanamu za barafu. Jumatatu ya wiki hiyo, tarehe 27, M23 wakaingia Goma. Umeme ukakatika, simu zikawa hazipatikani. Jumatano baada ya mazoezi, mama mmoja ambaye ndugu zake wako huko akatuuliza kwa upole, "Kweli dada zangu, mnakwenda kutazama barafu na sisi tuna msiba?"

Kuna mwenzetu aliyetaka kumjibu haraka kwamba maisha lazima yaendelee. Jibu hilo silipendi. Husemwa zaidi na wale ambao maisha yao hayajasimama.

Maandiko yako upande wake, ukisoma Zaburi ya 137. Watu wa Sayuni walitundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli, wakakataa kuimba. Lakini tuangalie ni nani aliyewaomba waimbe: ni wale waliowateka. Kukataa kumchekesha aliyekuteka ni jambo moja, na kukataa kucheka na rafiki yako ni jambo lingine.

Kazini nimejifunza hivi. Mgonjwa wa chumba cha tatu hapati nafuu kwa sababu mimi nimeacha kula mchana. Anapata nafuu nikimgeuza kwa wakati wake, nikihakikisha dawa yake mara mbili kabla ya kumpa. Kujinyima kwangu, kama hakumfikii, kunanisaidia mimi tu nijione mwenye huruma. Ndiyo maana wauguzi hucheka sana kwenye chumba cha mapumziko, kuliko watu wanavyodhani. Ila tukifika mlangoni kwa mgonjwa tunanyamaza, na asiyejua kunyamaza pale huwa tunamwambia.

Tena sisi tumetoka kwenye matanga. Kwetu Tanzania mtani huja msibani akamwigiza marehemu, jinsi alivyotembea, jinsi alivyokuwa mgumu wa kutoa pesa, mpaka mjane mwenyewe anacheka huku machozi yakimtoka. Hakuna anayemwita mtani huyo katili, maana ameshafika, amechanga, amebeba maji, na usiku atalala kwenye mkeka pamoja na wengine. Kicheko chake amekilipia.

Basi niliona swali la mama yule halihusu barafu. Alikuwa anauliza kama tumeshakaa kwenye mkeka. Na hapa Marekani mkeka ni mgumu kuupata! Mtu ana zamu mbili, mwingine anaishi Brooklyn Park na mwingine ng'ambo ya Mto Mississippi. Ni rahisi kutuma emoji ya mikono iliyokunjwa ukaona umeshahani. Alhamisi na Ijumaa tukapeana zamu ya kukaa kwake, kupika, na kupiga namba zile ambazo hazikuwa zinaita. Mchango ukakusanywa. Hata Nehemia, alipowaambia watu waliokuwa wakilia waende wakale na kunywa, aliwaagiza wapeleke sehemu kwa wale wasiokuwa na kitu.

Jumamosi tulikwenda. Yeye hakuja, na hatukumbembeleza. Tulipanda treni ya Green Line hadi katikati ya Saint Paul, tukatembea mpaka Rice Park na chupa yetu ya chai na maandazi. Barafu iliyochongwa vizuri jua likiipiga ni kitu cha kumsifu Mungu, na sioni sababu ya kusema zaidi.

Kilichonisumbua ni simu. Mimi nilisema tusiweke picha WhatsApp watu wote wazione, kwa sababu mtu wa Goma akipata mtandao kwa dakika tano, asikutane na meno yetu. Huo ndio mlango wa chumba cha mgonjwa. Dada mmoja akapinga: mbona siku zote tunawaficha ndugu maisha yetu, halafu tunalalamika hawatujui? Ana hoja, na sikumshinda. Tulikubaliana tu kwamba kila mtu amtumie anayemwuliza.

Mama yake yeye yuko Bukavu, na aliuliza. Alitaka kuona hiyo nyumba ya barafu aliyosimuliwa. Alipopokea picha akajibu kwa sauti, bila hata kuitaja barafu: "Kofia yako iko wapi?" Wiki mbili baadaye vita vikafika Bukavu. Mama yuko salama, na suala la kofia hajaliacha.