Bei, Hiari na Thamani

Hapana siku ipitayo katika maduka na magenge ya Mtambile, pale njia ya Kengeja inapoachana na barabara kuu ya Chake Chake na Mkoani, pasitajwe neno "bei". Mnunuzi huuliza bei, muuzaji hutaja bei, wakabishana hata wakapatana. Kwa kuwa neno hili twalitumia kila siku, ni nadra kujiuliza limetoka wapi. Katika makala haya twataka kulichungua, kwani ndani yake limo suali la maadili: mauzo ya haki ni yapi?

Asili ya neno ni Kiarabu, ambako maana yake si kiasi cha fedha bali ni tendo lenyewe la mauziano. Kiasi cha fedha Waarabu hukiita "thaman". Maneno hayo mawili yalipoingia katika Kiswahili yalibadili makao: bei ikawa kiasi kitolewacho, na thamani ikawa ubora wa kitu, hata kisichouzwa. Ndiyo maana Mswahili aweza kusema, bila ya kujipinga, kwamba kitu bei yake ni ndogo na thamani yake ni kubwa.

Tena, Kiarabu cha kale kiliweza kulitumia tendo hilo kwa kuuza na hata kwa kununua. Jambo hili si geni kwa lugha za Kibantu. Waganda husema "okugula" kwa kununua, na "okuguza" kwa kumwuzia mtu. Kitenzi chetu "uza" ni cha ukoo huo huo: kuuza ni kumfanya mwenzio anunue, kama vile kujaza ni kukifanya kitu kijae. Basi lugha zisizo na udugu zimekutana mahali pamoja: mauzo ni tendo la watu wawili, na ridhaa ya mmoja peke yake haitoshi.

Maana ya kale ya bei ilidumu Unguja na Pemba katika mkataba ulioitwa "bei khiyari". Khiyari ndilo neno letu "hiari". Mwenye shamba la mikarafuu alimwuzia tajiri shamba lake, akabakiwa na haki ya kulikomboa kwa kurejesha fedha kabla ya muda waliopatana kwisha. Kwa nje yalikuwa mauzo. Kwa ndani, mara nyingi, yalikuwa mkopo. Kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, faida ya mkopeshaji ilivishwa kanzu ya kodi: mwenye shamba aliendelea kukaa shambani mwake, lakini sasa kama mpangaji. Mikarafuu isipozaa, au bei ikianguka, muda ulikwisha na shamba likaenda. Madeni yalikuwa mazito hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuwekea mipaka uhamishaji wa mashamba ya Waarabu na Waafrika kwenda kwa watu wengine.

Twauliza: hiari ilikuwa wapi? Yaweza kujibiwa kwamba hapana aliyeshikwa mkono kwa nguvu. Jibu hili lina uzito, maana pasipo mkopo mkulima asingepata fedha za kuwalipa wachumaji, na tajiri naye alihatarisha mali yake. Lakini mtu aliyebanwa na dhiki hukubali kwa sababu hana nafasi ya kukataa. Wahenga walinena: hiari yashinda utumwa. Hiari ya jina tu haishindi kitu.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo hiki: mauzo ya haki ni yale ambayo kila mmoja angeweza kuyakataa na asiangamie. Kipimo hicho chamhusu anayenunua karafuu zingali mtini kwa mkulima mwenye mgonjwa nyumbani. Chamhusu jirani, chamhusu tajiri, na hata shirika la umma linapokuwa mnunuzi wa pekee; kwani muuzaji asiye na mlango wa pili hiari yake imepungua, na mnunuzi wa namna hiyo wajibu wake wa kutoa bei ya haki umezidi.

Walimu wanapolifundisha neno hili, wasiishie kwenye hesabu za faida na hasara. Wanafunzi nao na wachukue mauzo yoyote wayajuayo, wayapime kwa kipimo hiki, kisha waseme kama ridhaa ilikuwa ya watu wawili au ya mmoja.