Jiwe la Kukalia

Je, Mkristo anayetafuta nafuu ya maumivu yasiyopona amepungukiwa imani? Kwa miaka mingi ningelijibu swali hili haraka. Siku hizi nalijibu polepole, kwa sababu jibu langu la haraka liliwahi kumlaza mtu hospitali.

Ilikuwa Jumamosi ya msaragambo. Usharika wetu ulikuwa unajenga nyumba ya mchungaji, na matofali yalishushwa chini ya kilima kwa kuwa lori lilishindwa kupanda. Tukakubaliana kila mtu abebe mpaka yaishe. Binti mmoja wa kwaya alipanda mara mbili, kisha akaketi chini ya mti akijikanda mapaja. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilimwendea nikamkumbusha, mbele ya wenzake, yale ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuhusu kazi na chakula. Akasema, "Baba, miguu inakaza." Nikamwambia amwombe Bwana nguvu, ainuke. Akainuka. Alibeba matofali hadi saa nane mchana.

Usiku ule mkojo wake ulitoka rangi ya kahawa. Asubuhi hakuweza kukunja wala kunyoosha miguu. Kengele ya ibada ilipolia, yeye alikuwa kitandani hospitalini na madaktari wanahangaikia figo zake.

Nilipokwenda kumwona alinisalimu, "Shikamoo, baba," kama kawaida yake. Hakunilaumu. Mama yake ndiye aliyenisimulia. Tangu darasa la kwanza mchakamchaka ulimshinda, akaitwa mvivu, akachapwa. Alipelekwa kuombewa mara kadhaa, na kila mara aliambiwa akiri kwamba amepona na athibitishe kwa matendo. Kila alipothibitisha, aliugua.

Ilichukua miezi na safari nyingi za hospitali ya rufaa kabla daktari hajautaja ugonjwa wake: ugonjwa wa McArdle. Umepewa jina la Brian McArdle, daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1951 alieleza habari za mwanamume wa miaka 30 aliyeumwa misuli tangu utotoni kila alipofanya kazi hata ndogo. Misuli yetu huhifadhi akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Tunapoanza kukimbia au kubeba mzigo, misuli huifungua akiba hiyo kwa kimeng'enya maalumu. Mtu mwenye ugonjwa huu amezaliwa bila kimeng'enya hicho, kwa kurithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe kwa kawaida hawaumwi. Ghala limejaa, ufunguo hakuna. Akilazimisha, misuli hukaza, huuma, na ikizidi huvunjika. Mabaki yake huingia kwenye damu na kuziba kazi ya figo. Ndiyo maana ya ule mkojo wa rangi ya kahawa.

Kwa macho, mtu huyu ni mzima. Hana kidonda, hana homa, na akiwa ameketi hana maumivu. Anaumia pale tu anapofanya kile ambacho wengine wote wanafanya. Basi ni rahisi sana kumhukumu.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana. Nafuu ipo. Daktari alimfundisha kuanza kila mwendo polepole, na maumivu yakija apunguze mwendo au asimame kidogo, kisha aendelee. Baada ya dakika kama nane au kumi, damu huanza kuiletea misuli sukari kutoka kwenye ini, na mafuta, na mwendo huwa mwepesi kuliko ulivyoanza. Kwa hiyo halali kitandani siku zote. Anatakiwa kutembea, ila kwa kipimo.

Hapa ndipo baadhi yetu tunapopata shida. Tunasema, akijifunza kuishi na ugonjwa, si ameukubali? Je, nafuu si njia ya kumwambia Mungu kwamba hatutegemei tena uponyaji? Sidhani swali hili ni la kipuuzi. Yesu aliponya wengi, na kanisa linaloacha kuomba uponyaji limepoteza kitu. Lakini tumsome Musa katika Kutoka 17. Israeli wanapigana na Amaleki kule Refidimu, na Musa yuko juu ya kilima, mikono ameiinua. Mikono ikainuliwa, Israeli wanashinda; ikashuka, wanashindwa. Na mikono ya Musa ikawa mizito.

Angalieni kilichofuata. Haruni na Huri hawakumwambia aongeze imani. Hawakumuuliza kwa nini mtu aliyeipasua bahari anashindwa kuinua mikono yake mwenyewe. Walileta jiwe wakamkalisha, kisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande huu, mpaka jua likatua. Mungu hakuiponya misuli ya Musa siku ile. Mikono ilibaki mizito hadi jioni. Wala kuketi hakukumwondoa Musa katika kazi aliyopewa. Bila lile jiwe angeiacha kabla ya jua kutua.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na jibu alilopata halikuwa kuondolewa. Yesu mwenyewe, akiwa amechoka kwa safari, aliketi kando ya kisima cha Yakobo. Kama Bwana aliketi, sisi ni nani hata tumkemee aliyeketi chini ya mti?

Nimerudi pia kuyasoma yale maneno kwa Wathesalonike niliyomrushia yule binti. Paulo anamsema asiyetaka kufanya kazi. Asiyeweza hakutajwa pale. Mimi niliongeza, na kosa hilo nalikiri mbele yenu kama nilivyolikiri mbele yake. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Lakini nisije nikatoka kwenye kosa moja nikaingia jingine. Maumivu ya misuli yana sababu nyingi: tezi, upungufu wa vitamini D, dawa fulani, magonjwa ya kurithi, na mengine. Tiba zake hazifanani. Kwa ugonjwa wa McArdle, mazoezi mepesi yaliyopangwa ni msaada. Kwa ule ugonjwa wa uchovu wa kudumu ambao mgonjwa huzidiwa baada ya kujitahidi, mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua bila kujali dalili, kwa kuwa wagonjwa wengi walisema yaliwadhuru. Kwa hiyo mzee wa kanisa asigeuke daktari, akimwambia kila mtu "pumzika" kama nilivyomwambia yule "inuka". Kazi yetu ni kumwamini anaposema anaumwa, kumwombea, na kumsindikiza kwa wanaojua kupima.

Kumwamini ndiko kugumu. Tunataka ushahidi kwanza. Haruni na Huri hawakuhitaji ushahidi kwa sababu walikuwa karibu. Waliiona mikono ikitetemeka. Mimi nilimjua yule binti kwa sauti yake kwaya tu. Sikujua alikuwa anatoka nyumbani saa ngapi ili awahi ibada, wala alisimama mara ngapi njiani.

Sasa najua, kwa kuwa Jumapili nyingine tunapanda pamoja. Tunaanza polepole. Penye mwembe tunasimama, na watu wanatupita wakisema, "Kazaneni!" Akishavuka pale, mimi ndiye ninayehema. Siku za msaragambo yeye anaandika daftari na kuhesabu mifuko ya saruji, na tangu alishike halijapotea fuko. Maumivu hayajamwacha. Wiki nyingine haji kabisa, na tumeacha kuuliza kwa ukali yuko wapi, tunakwenda kumwona.

Bado tunaomba apone. Tunaomba naye akiwa ameketi.

Mpendwa, katika usharika wako yupo mtu ambaye mikono yake imekuwa mizito na hajasema, kwa kuwa anajua atakachojibiwa. Kabla hujamwambia ajikaze, muulize kama anahitaji pa kukaa.