Mkono Usio na Ulimi

Hebu tujiulize: mtu asiyeweza kueleza anachokijua, anakijua kweli? Shuleni jibu lilikuwa moja tu: usipoweza kujieleza, hujui. Mimi napinga, na shahidi wangu ni mkono wa kushoto.

Mwaka 1962, huko Los Angeles, Marekani, madaktari Philip Vogel na Joseph Bogen walimpasua bwana mmoja aliyeteswa na kifafa. Walilikata daraja la neva linaloziunganisha nusu mbili za ubongo. Wataalamu Roger Sperry na Michael Gazzaniga wakampima. Walimpa vipande vya mbao, vyenye nyuso nyekundu na nyeupe, avipange vifanane na picha. Mkono wa kulia, ambao huongozwa na nusu ya kushoto, ile yenye kusema, ukababaika. Wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ukavipanga vizuri. Tena wa kulia ulipokwama, wa kushoto ulijipenyeza kusaidia, mpaka ikabidi bwana yule aukalie!

Wagonjwa wa aina hiyo walipewa pia kitu mkononi, mkono wa kushoto, bila kukiona. Wakiulizwa ni nini, hawakuweza kukitaja. Lakini mkono uleule ukipapasa ndani ya rundo la vitu, unakitoa kilekile. Kumbe ulijua! Kilichokosekana ni ulimi tu. Kwa utafiti huo Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, pamoja na wenzake wawili.

Sisemi kwamba binadamu tumegawanyika, huyu wa kushoto, yule wa kulia. Aliye na daraja zima hutumia nusu zote mbili. Wala sisemi maneno hayana thamani. Najua mtu atauliza: ujuzi usiosemwa tutauaminije? Si asiyejua kitu naye atajificha humo humo? Jibu ni rahisi: mpe vipande vya mbao, umwone.

Hapo ndipo penye suala la haki. Mama mfinyanzi anayejua unene wa chungu kwa vidole vyake, ukimpa karatasi ya mtihani atapata sifuri. Nani ameshindwa hapo, yeye au kipimo?

Nami ninayeota kuandika riwaya, biashara yangu ni maneno. Kwa hiyo swali hili lanihusu zaidi: kila mwenye ulimi anaposifiwa, ni nani tuliyemkalia?