Nshomile, Halafu?

Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa neno moja: nshomile. Maana yake "nimesoma". Mhaya akichomeka Kiingereza katikati ya Kiswahili, basi, huyo nshomile! Tunacheka, yanaisha. Lakini ndani ya utani huo kuna swali zito, ndugu msomaji, na leo tulikabili: kijana aliyefundishwa lugha sekondari, amesoma nini hasa? Na aliyemfundisha alikuwa anataka nini?

Tumtazame kijana wa Nshamba au Kamachumu, kule Muleba. Nyumbani ni Kihaya. Anajua lini aseme "waitu" kwa heshima na lini amtanie binamu yake. Shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967. Akifika miaka 14 hivi anaingia kidato cha kwanza, na karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Jana alikuwa bingwa wa kubishana habari za mpira. Leo hawezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni bila kuipanga sentensi kichwani kwanza.

Umri huo ndio kijana anataka ahesabiwe mtu mzima. Sauti imeanza kukoroma, kioo anakitazama mara 10 kwa siku. Shule nayo inampa ulimi wa mtoto wa miaka 3! Afadhali anyamaze kuliko kuchekwa mbele ya wasichana. Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo mwalimu!" Wengi hawajaelewa kitu. Halafu tunawaita wavivu, wakaidi, vichwa vigumu. Ziko shule ambako mwanafunzi akisikika anaongea Kiswahili huchapwa, au huvishwa kibao shingoni.

Je, ni haki kumwadhibu mtu kwa lugha anayofikiria? Nasema si haki. Siyo kwamba Kiingereza ni kibaya, la hasha! Mzazi anayeuza kahawa na ndizi ili anunue sare anajua kuwa mitihani, chuo kikuu na kazi nyingi vinapitia humo. Yuko sahihi. Lakini fimbo haifundishi Kiingereza, inafundisha kunyamaza. Na aliyezoea kunyamaza darasani hunyamaza hata anapodhulumiwa: kibarua akinyimwa ujira wake, msichana akishikwashikwa na mtu mzima. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la sarufi tu.

Ubishi wenyewe si wa jana. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kutumia Kiswahili mwaka 1985. Serikali ikakataa. Sera ya Elimu ya 2014 ikafungua mlango tena, lakini Kiingereza kimeendelea kutawala madarasani. Wakubwa wataendelea kujadiliana. Kijana wa Muleba hawezi kuwangoja, ana mtihani wa kidato cha pili.

Basi tufanye nini? Tuanze na lengo. Lugha inafundishwa ili mtu aweze kusema lake likaeleweka, na kulielewa la mwenzake. Mtihani ufuate nyuma. Mwalimu wa Bukoba anaweza kuwaambia wanafunzi: nendeni mkawaulize wazee habari za MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Wasikilize kwa Kihaya, wajadiliane kwa Kiswahili, kisha waandike ukurasa mmoja wa Kiingereza. Makosa yatakuwepo. Yasahihishwe, bila kuchekana. Lakini kila mmoja atakuwa na jambo la kusema, na mwenye jambo la kusema huyatafuta maneno mwenyewe.

Mwalimu naye tusimtwishe mzigo wote. Darasa limejaa, mtaala unamkimbiza, na huenda hata yeye alifundishwa kwa fimbo hiyohiyo. Ila muda wa kuuliza "unataka kusema nini?" hauhitaji bajeti.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini kijana si samaki. Samaki hakumbuki nani alimkunja; kijana anakumbuka.

Nanyi vijana wenzangu mnaoandika, msiwasubiri walimu. Mkishamaliza hadithi yenu, msomeeni mdogo wenu wa kidato cha kwanza, kisha mwacheni aseme kwa lugha yoyote anayoiweza. Akikosoa, msikilizeni.