Sauti Mbili, Kimya Kimoja
Naupenda mno "Soul Man", wimbo wa Sam & Dave uliorekodiwa Stax, Memphis, mwaka 1967. Hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Mwaka uliofuata Dave Prater alimpiga mkewe risasi. Mama wa watu akanusurika. Sam Moore alisimulia baadaye kwamba alimwambia Dave ataimba naye, ila hatazungumza naye tena. Basi miaka ikapita: jukwaani wanaitikiana kama ndugu, wakishuka hata salamu hakuna.

Hivi walitudanganya? Zamani ningesema ndiyo. Siku hizi naona ule mwitikio ulikuwa wa kweli, jasho nalo la kweli. Kinachonikera ni kingine: Sam alimnyima mwenzake maneno, hakumnyima maikrofoni. Sisi nasi hatukumnyima makofi. Jana usiku nimeurudia tena, mara tatu.