Je, Ni Haki Kulitegemea Gari Kongwe?

Kuna mama mmoja jirani yetu hapa Mikindani, Mombasa, aliniambia neno mwezi wa Machi 2024, na neno hilo limekataa kunitoka. Yeye huuza nyanya. Mimi nina gari. Kila alfajiri nilikuwa nikimchukua saa 10 na nusu, tunavuka Makupa, tunakatiza kisiwani, tunavuka daraja la Nyali hadi soko la Kongowea, anapakia kreti zake 4, tunarudi. Siku hiyo gari lilizima Makupa tukiwa tunarudi. Halikukohoa wala halikutetemeka. Lilinyamaza tu, kama redio iliyokatiwa umeme. Mpaka tupate mtu wa kutuvuta hadi nyumbani ilikuwa yapata saa 4 asubuhi, na mpishi wa shule aliyekuwa ameagiza kreti 2 alikuwa ameshanunua kwingine. Oda ile ikapotea, wala si ya siku ile peke yake. Mpishi alipata mtu mwingine wa kumletea nyanya, na huyo mtu hajawahi kuchelewa.

Nilimwomba mama msamaha. Nikasema, "Lakini mama, si unajua gari lenyewe ni la zamani?"

Akaniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema, "Mwanangu, mimi sikupatana na gari. Nilipatana na wewe."

Basi msomaji, hapo ndipo nilipo mpaka leo. Mtu akiahidi kwa kinywa chake, kisha miguu ya kwenda kuitimiza ile ahadi si yake, ni ya chuma chenye miaka zaidi ya 40, je, ameahidi kweli au amebahatisha? Na akibahatisha kwa mali ya mwenzake, hilo tuliite jina gani?

Kwanza nilijulishe gari lenyewe. Ni Peugeot 504, stesheni wagoni, ya mwaka 1980, mistari 3 ya viti, gia iko kwenye usukani. Marehemu baba alilinunua mwaka 1986 likiwa tayari limetumika, akalitia kwenye abiria njia ya Malindi. Watu wa rika lake hawasemi Peugeot, wanasema Pijo, na wakisema hivyo sauti zao hubadilika kidogo kama wanaotaja shule waliyosomea. Ufaransa ililitoa gari hilo mwaka 1968, na mwaka 1969 likachaguliwa huko Ulaya kuwa Gari la Mwaka. Kwa miaka mingi liliunganishwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 aina ya coupé. Kabla ya hapo kaka yake, 404, alikuwa ameshazoea ushindi: Bert Shankland wa Tanzania alishinda nayo 1966 na tena 1967. Baba alikuwa akiyasimulia mambo haya kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisoma ramani.

Kwa hiyo nimekulia katika imani kwamba gari hili haliangushi mtu. Nilipomaliza Kidato cha Nne na kukosa cha kufanya, na baba akiwa hayupo tena, nilichukua funguo nikaanza kubeba mizigo ya watu. Huku nikingoja wateja huandika riwaya yangu kwenye daftari, kiti cha nyuma. Imefika sura ya 4 na imekwama hapo. Hayo tuyaache.

Watu wakiniuliza kwa nini naendesha gari kongwe kila siku, nilikuwa na jibu moja: umaskini. Jibu zuri sana hilo, maana linamnyamazisha kila mtu. Lakini si kweli yote. Mwaka 2022 alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi, mmoja wa wale wanaopenda magari ya zamani, wanaoyang'arisha na kuyapeleka kwenye maonyesho kama lile la Concours d'Elegance. Alilizunguka Pijo mara tatu, akainama akatazama chini, akanitajia bei. Kwa pesa zile ningeweza kupata Probox iliyotumika, pengine ikabaki na akiba kidogo. Nilikataa. Nilimwambia ni urithi. Nikaingia ndani nikiwa najiona mwanamume.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyogeuka. Fahari ile niliilipia nini mimi? Sikulipa chochote. Aliyelipa ni mama wa nyanya, miaka 2 baadaye, pale Makupa, na yeye hata hakuambiwa kwamba kulikuwa na bei. Laiti ningekuwa sina njia nyingine, ningesema ni shida tu, tuvumiliane. Lakini njia ilikuwapo. Nilichagua moyo wangu, kisha nikampakia mwenzangu ndani ya uchaguzi huo bila kumuuliza.

Fundi wangu ananitetea. Yeye ni mtu wa jua kali, mikono yake haitakati hata siku ya Idi, na ana falsafa yake. Anasema, "Kijana, gari mpya ikizima imezima, mpaka uitafutie mtu wa kompyuta. Hii yako inazungumza. Ukiisikiliza haikuachi." Na kweli, inazungumza. Mchana wa jua kali petroli huchemka ndani ya paipu, ikageuka mvuke, pampu ikavuta hewa badala ya mafuta. Gari huanza kujikwaakwaa kabla halijasimama, nawe unaegesha, unafunika pampu kwa kitambaa cha maji, unangoja, unaendelea. Rejeta ikianza kuvuja, harufu hufika puani kabla ya mshale wa joto kupanda. Krachi ikiisha hukwambia mwezi mzima. Hapo fundi ana haki.

Ila siku ile haikuwa petroli wala rejeta. Ilikuwa kondensa, kijikopo kidogo kama kidole gumba kilichofungwa kwenye distributa. Kazi yake ni kuzipokea zile cheche ambazo zingeruka kwenye pointi na kuziunguza, ili moto wenyewe uende kwenye plagi. Kikifa, moto hupotea, na mara nyingi kinakufa bila kuaga. Kwa hiyo ile hoja ya gari linalozungumza ina tundu, na tundu hilo ndilo mama wa nyanya alilotumbukia.

Tena niseme ukweli wote, maana nimeshaanza. Wiki moja kabla, fundi alifungua kifuniko cha distributa, akanionyesha pointi zilivyoungua, akaniambia ninunue kondensa mpya na nyingine niiweke kwenye dashibodi. Ni kitu cha pesa ndogo. Pesa hiyo nilikuwa nayo mfukoni. Nilinunua madaftari.

Wakati mmoja nilisoma maktabani habari za merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch anasema watu wa Athene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hata wanafalsafa wakaanza kubishana: ni ile ile au ni nyingine? Nilicheka, maana Pijo letu ni merikebu hiyo hiyo. Injini yake ina slivu za silinda zinazochomolewa na kuingizwa mpya bila kukwangua bloku, na zimechomolewa mara mbili. Giaboksi imetoka kwenye gari lililogongwa. Mlango wa nyuma una rangi nyingine. Ni kipi alichokiamini baba? Zamani nilidhani ni swali la kujifurahisha tu. Sasa naona lina meno. Baba hakuwa akiviamini vyuma. Kila Ijumaa usiku alikuwa chini ya gari lile na taa ya chemli, tukilala tunasikia spana ikilia. Mimi nilirithi vyuma nikadhani nimerithi na zile Ijumaa.

Kuna wanaosema kitu kikongwe kina heshima yake, kama mzee. Sawa. Lakini mzee humheshimu kwa kumbebesha gunia saa 10 za usiku? Babu ukimpenda unamketisha barazani. Nilipomwambia fundi hivyo alinicheka sana. Alisema gari si babu, ukiliweka barazani ndipo linakufa: mipira inakauka, tangi linaota kutu ndani, breki zinashikana. Kwa hiyo ukilitumia unalichosha na ukilipumzisha unaliua. Sijui kama kuna kiumbe kingine kilichoumbwa na taabu kama hiyo.

Sheria nayo hainisaidii. Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka 8. Maana yake, Pijo langu lingekuwa linatokea melini leo, lingekataliwa pale pale Kilindini, umbali mfupi tu kutoka linapolala. Kwa kuwa tayari liko ndani ya nyumba, hakuna anayeuliza umri. Yaani uzee ni kosa mlangoni, sebuleni si kosa. Mwanzoni niliona kichekesho. Lakini nami ndivyo nilivyomfanyia mama: umri wa gari niliutaja baada ya hasara, sikuutaja siku tunapatana.

Ndiyo maana baada ya wiki mbili nilikwenda kibandani kwake jioni nikamweleza yote. Kondensa, madaftari, bwana wa Nairobi na bei aliyotaja. Alikuwa akipanga nyanya kwa mafungu, hakuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye ile bei. Akasema, "Ukakataa?" Nikasema ndiyo. Akapanga fungu jingine. Akaniuliza kama baba angeuza. Nikamwambia sijui, na kweli sijui. Mtu aliyelala chini ya gari kila Ijumaa miaka 30 huenda ndiye angejua wakati wa kuliachilia.

Hakuniambia niuze wala nisiuze. Alichofanya ni hesabu. Alisema Jumatatu, ambayo ndiyo siku ya wateja wakubwa, atakwenda na kijana mwenye Probox. Siku zilizobaki atakwenda nami kwa nauli pungufu, na tutoke saa 10 kamili, ili hata likizima pawe na nafasi ya kutafuta tuktuk. Nikakubali papo hapo. Kondensa 2 ziko kwenye dashibodi. Ijumaa usiku nimekuwa nikifungua distributa mwenyewe, ingawa bado narudisha skrubu moja vibaya na fundi hunikemea.

Bwana wa Nairobi bado anapiga simu mara moja moja. Nami bado sijamjibu.

Jumatatu nikisikia Probox ikinguruma nje hubaki kitandani macho wazi. Jumanne mama hunigongea dirisha kukiwa bado giza, na siku hizi hasalimii mimi kwanza. Huuliza, "Limelalaje?"